Jicho ni Amana, na Kila Tiba Ina Mlango Wake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui lolote, akampa masikio na macho na moyo ili apate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, nyinyi mlioketi mbele yetu msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na katika madrasa kwa njia ya redio, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Khutba yetu ya leo imetokana na swali. Tulifikiwa na barua ya kijana mmoja wa Rungwa, katika Mkoa wa Singida, huko ambako njia itokayo Itigi kwenda Mbeya hupita kando ya mapori ya wanyama na ya nyuki, na ambako wakati wa kiangazi ndoo ya maji hutafutwa kwa jasho. Ameeleza kwamba mama yake mzazi kwa miaka mingi amekuwa aking'oa nywele za kope zake kwa kibano, kwa kuwa zimegeukia ndani na humchoma jicho kila apepesapo. Sasa jicho moja limeingia weupe, na la pili limeanza. Mganga wa zahanati amemwambia kuwa kope hizo hazina budi kupasuliwa. Lakini mzee mmoja wa ukoo amekataa, akisema kukata kope alizoziumba Mungu ni kubadili maumbile, na kwamba upofu ukija ni kadari. Katika siku hizo hizo akapita mchuuzi mwenye vipakiti vya unga, akadai kuwa ndani yake mna seli shina zinazofufua jicho lililokufa, na bei aliyoitaja ni ya ng'ombe wawili. Kijana anatuuliza mambo matatu. Je, yafaa mama akatwe kope? Je, tiba hiyo ya seli shina ni halali? Na je, auze ng'ombe?

Ndugu zetu, swali hili si la nyumba moja. Tumeona yapasa lijibiwe mbele ya watu wote.

Tuanze na cheo cha jicho katika dini yetu. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Balad, anamuuliza mwanadamu mwenye kiburi kama hakufanyiwa macho mawili. Na katika Suratul Israai ametujulisha kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Kitu kitakachoulizwa ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuiacha iharibike mikononi mwake. Kweli, Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mwenyezi Mungu amemuahidi Pepo mja aliyeondolewa vipenzi vyake viwili, yaani macho yake, akasubiri. Na katika Sura ya Abasa Mtume wetu mwenyewe alifunzwa adabu kwa ajili ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, ambaye baadaye alikuwa mwadhini wake. Kwa hiyo kipofu si mtu pungufu, wala upofu si aibu.

Lakini kusubiri ni jambo moja, na kuzembea ni jambo jingine. Mtazameni Nabii Yaakub, amani iwe juu yake. Qur'ani yaeleza kuwa macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya Yusuf. Hakuwako mvumilivu kumshinda yeye. Hata hivyo hakukaa kitako akasema ndiyo kadari. Aliwaamuru wanawe waende wakatafute, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Na Mwenyezi Mungu alipotaka kumrudishia nuru, ingawa aweza kusema neno moja tu likawa, alipitisha neema hiyo katika sababu: kanzu ya Yusuf ikawekwa usoni pake, akaona. Basi kutafuta sababu hakuvunji imani. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama yafaa kujitibu, aliwaamuru wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza, la kukata kope.

Ugonjwa wa mama huyu ni ule uitwao vikope, au trakoma. Nyanda kavu za katikati ya nchi yetu, Dodoma na Singida, zimeujua kwa muda mrefu. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho hutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa inzi anayetua juu ya matongo ya mtoto. Mtoto huugua, akapona, akaambukizwa tena, mara nyingi. Kila mara hubaki kovu upande wa ndani wa kope. Miaka ikipita, makovu hujikunja kama ngozi iliyokaushwa juani, yakavuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele zikawa zinasugua kioo cha jicho mchana na usiku. Kioo kikichubuka hufanya kidonda, kidonda hufanya kovu jeupe, na nuru hufungika. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaopakata na kuwafuta watoto. Yaani, ndugu zetu, wengi wa mama hawa wamepoteza macho yao katika kutulea sisi.

Upasuaji wake si mkubwa. Mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kope tu, naye yu macho. Mtabibu hupasua kope, akaigeuza ukingo wake utazame nje, akaishona. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Katika nchi yetu kazi hii hufanywa hata na maafisa tabibu na wauguzi waliofunzwa hasa, wala si lazima kufika mji mkuu. Tuseme pia ukweli wote: upasuaji huu hauondoi weupe uliokwisha ingia; kazi yake ni kuzuia usiongezeke. Na kwa baadhi ya watu nywele hurudi kugeuka baada ya muda, basi hupasa kurudi kwa mtabibu zikaangaliwa. Kung'oa kwa kibano, kwa upande wake, ni kuahirisha tu, kwani nywele huota tena, na zile fupi zinazochipua huchoma vile vile.

Je, huku ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Hapana. Kubadili kulikolaumiwa ni kule kwa kuchezea umbo lililo zima, kwa kiburi au kwa udanganyifu. Ama kurudisha kiungo mahali pake ni kukarabati amana. Dalili yetu ni kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatika katika vita vya Kulab zama za ujahili. Alijiwekea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tazameni, ndugu zetu: dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba, lakini ilipokuwa ni kuutengeneza uso wa mtu aliyeharibikiwa, Mtume mwenyewe aliamuru itumike. Na mwaka 1988 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu, walipokutana Jidda, waliruhusu kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kutoka mahali kwenda mahali katika mwili wake mwenyewe, ili kurudisha kiungo kilichopotea, au umbo lake, au kazi yake, au kuondoa ila inayomdhuru mtu mwilini au nafsini, kwa sharti kuwa manufaa yawe makubwa kuliko madhara.

Fauka ya hayo, mzee wetu wa Rungwa ajue kuwa jambo hili halikuletwa juzi na wageni. Tabibu Mwislamu Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna za kupasua kope ambazo nywele zake hulichoma jicho. Babu zetu katika imani waliona kuwa kuokoa jicho la Mwislamu ni ibada.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: yafaa mama apasuliwe, na si kufaa tu, bali kumzuia, hali tiba ipo na jicho la pili lingali linaona, ni kumdhuru. Na Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Swali la pili ni la seli shina, nalo ni jipya, hivyo hapana budi tulieleze kabla ya kulitolea hukumu.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Nyingi katika hizo zina kazi moja, kisha hufa. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili seli nyingine zilizo mfano wa shina la mgomba: majani yakinyauka, shina huchipua mengine. Hizo ndizo seli shina. Jichoni, makao yake ni katika ukingo mwembamba unaokizunguka kioo cha jicho, pale weupe wa jicho unapokutana na weusi. Kutoka hapo ngozi ya juu ya kioo hufanywa upya maisha yote. Mtu akirukiwa na chokaa au tindikali, ukingo huo huweza kuungua. Shina likifa, kioo hufunikwa na ngozi yenye mishipa, na jicho likafungwa.

Wataalamu walitafuta njia. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walieleza jinsi walivyochukua kipande cha ukingo wa jicho zima la mgonjwa wakakipandikiza katika jicho lake lililoungua. Mwaka 1997 wataalamu wa Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca, walieleza jinsi walivyochukua kipande kidogo mno, wakakiotesha katika maabara mpaka kikawa utando, kisha kikarudishwa jichoni. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 112 waliotibiwa hivyo, na katika kila macho 100, yapata 76 yalipata uso mpya uliodumu. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukatoa idhini ya tiba hiyo. Na mwaka 2012 daktari Virender Sangwan na wenzake wa Hyderabad, nchini India, walieleza njia nyepesi kwa nchi zisizo na maabara za gharama: kipande cha ukingo wa jicho zima, upana wa milimita 2 tu, hukatwa vipande vidogo zaidi, vikapangwa juu ya jicho bovu kama mbegu shambani, juu ya ule utando mwembamba unaomfunika mtoto tumboni, ambao hutoka pamoja na kondo la nyuma baada ya uzazi.

Hukumu yake ni ipi? Mwaka 2003 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, waliliangalia jambo hili. Waliruhusu seli shina zichukuliwe kwa mtu mzima kwa ridhaa yake pasipo kumdhuru, au katika kondo la nyuma na kitovu kwa ridhaa ya wazazi. Wakaharamisha kutoa mimba kwa makusudi bila ya sababu ya kisharia ili kupata seli hizo. Basi seli inayotoka katika jicho la mtu kwenda katika jicho lake jingine haina shaka kwa wanavyuoni hao: ni mali yake mwenyewe imehamishwa chumba.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye mtego. Katika yote tuliyoyataja, hakuna hata moja lililofanywa kwa kunywa unga. Seli shina ni kitu hai. Haisafiri miezi katika pakiti, wala haitoki tumboni ikapanda jichoni. Hupandwa na mpasuaji wa macho, chini ya hadubini, katika chumba cha upasuaji. Anayeuza kinyume cha haya anauza jina la elimu bila ya elimu. Na hatari si kwa wanakijiji peke yao. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wanawake watatu wa huko waliodungwa machoni kile walichoambiwa ni seli shina zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe. Walitozwa dola 5,000 kila mmoja, wakadungwa macho yote mawili kwa siku moja, nao wakapoteza karibu nuru yao yote. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mwenye kudhamini, yaani atalipa kwa alichoharibu. Na aliyetughushi ametangazwa kuwa si katika sisi.

Kisha kuna jambo la utaratibu, nalo ndilo roho ya khutba hii. Hata lau mama huyu angepelekwa kwa mabingwa wa Hyderabad au wa Italia, wasingeanza na seli shina, wala na kupandikiza kioo kipya. Wangeanza na kope. Kwa maana kioo kipya kikiwekwa chini ya nywele zile zile, kitachunwa kama kile cha zamani. Nani aezekaye nyumba makuti mapya hali mchwa ungali katika nguzo? Tiba kubwa hukaa juu ya tiba ndogo, na tiba ndogo hukaa juu ya usafi. Kila tiba ina mlango wake, na anayeruka mlango wa kwanza hupoteza mali na jicho pamoja.

Twasema kauli yetu hii, na twamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwetu na kwenu. Nanyi muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, mlango wa kwanza tulioutaja umo mikononi mwetu sote. Ni maji usoni. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, wataalamu walifuatilia vijiji vilivyohimizwa kuwaosha watoto nyuso, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba, pamoja na dawa, watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi waliepukana zaidi na vikope. Nasi ni umma ulioamriwa kuosha uso kwa kila udhu! Je, si ajabu baba atawadhe mara tano, na mtoto aliyeketi mlangoni pake awe na inzi machoni? Wala msiseme maji ni haba. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa maji kiasi cha kibaba kimoja, kisichofika lita. Maji ya udhu yakikushinda kuyapata, uso wa mtoto haudai hata hayo yote. Kila mmoja awe na nguo yake ya kufutia uso. Na chimbeni vyoo, mkavifunike, maana inzi huyu wa machoni huzaana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Oman, nchi ya jamaa na majirani zetu wa bahari, ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeushinda ugonjwa huu. Lililowezekana kwa jangwa la Oman halishindikani kwetu.

Mlango wa pili ni kukimbilia kwa mtabibu mapema. Msitie jichoni maji ya majani, wala maziwa, wala asali. Asali ina shifaa, Qur'ani imeshuhudia. Lakini si kila kinachonyweka hutiwa katika jicho lenye kidonda. Na mgonjwa aliyepasuliwa asiache sala. Ataosha kinachooshwa, atapangusa juu ya bandeji, na atatayamamu kwa kilichobaki. Kisha amuulize mwalimu wake yaliyosalia ya hukumu hiyo.

Mlango wa tatu ni kwa wale ambao kioo cha jicho kimekwisha haribika, na wamo watakaohitaji kioo cha mtu mwingine. Hospitali ya macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi, ni mojawapo ya mahali panapofanyika upandikizaji huo katika eneo letu. Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia liliruhusu mwaka 1978 kuchukua kioo cha jicho la aliyekufa, baada ya kuhakikishwa kufa kwake, kumpa Mwislamu mwenye dharura, ikiwa wenyewe hawakukataa na kufaulu kunatarajiwa. Mkutano wa Jidda wa 1988 uliharamisha kuuza viungo, na ukaharamisha kumtoa aliye hai vioo vya macho yake yote mawili. Wako wanavyuoni waliokataa kuchukua chochote kwa maiti, kwa kushikamana na Hadithi inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Twawaheshimu. Sisi twaifuata kauli ya walioruhusu, kwa masharti yao, kwa kuwa maiti hastahiki kufanyiwa dharau, na kumpa kipofu nuru kwa ridhaa ya marehemu na warithi si dharau. Mwenye kutaka kuusia hivyo azungumze na jamaa zake angali hai, wasije wakagombana mbele ya jeneza.

Ama swali la tatu la kijana wetu, jibu lake ni fupi. Usimpe mchuuzi ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku. Mpeleke mama akapasuliwe kope. Ikiwa nauli imekosekana, uza unachoweza kwa ajili ya nauli, na hiyo itakuwa katika kuwafanyia wema wazazi, jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja pamoja na kumwabudu Yeye. Na nyinyi jamaa wa misikiti ya Rungwa, Itigi na Manyoni, na kila msikiti unaotusikia: jueni ni nani mtaani mwenu anayetembea na kibano katika pindo la kanga. Zaka ni haki ya mafakiri na masikini, na mama asiye na nauli ya kwenda kuokoa jicho lake ni katika hao. Msingoje aanze kushikwa mkono ndipo mumchangie.

Na wewe mzee wetu uliyekataa, hatukulaumu kwa kuiogopa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Hofu hiyo ni njema. Lakini kadari hatuijui kabla haijatokea. Huenda kadari ya mama huyu ni kwamba apasuliwe, na akabaki akiwaona wajukuu wake. Mshike mkono wewe mwenyewe umpeleke, upate thawabu ya safari hiyo.

Ewe Mola wetu, tunakuomba ututunzie masikio yetu, macho yetu na nguvu zetu muda wote uliotupa uhai. Waponye wagonjwa wetu, wape subira waliopoteza nuru, na uwalipe Pepo uliyowaahidi. Wabariki matabibu wanaoutumia ujuzi wao kwa uaminifu, na utukinge na kila anayekula mali za wanyonge kwa hila. Warehemu mama zetu waliotulea tungali wadogo. Ewe Mola wetu, itie nuru mioyo yetu kabla ya macho yetu, na utujaalie kuwa miongoni mwa watakaouona uso wako mtukufu Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Simamisheni sala.